Kitu Kizito Juu ya Ndizi

Jana nilirudi kutoka shule nikakuta nyumba imejaa ule mvuke wa majani ya mgomba, na kabla hata sijavua viatu macho yangu yalishakwenda jikoni, juu ya sufuria. Ni mazoea niliyoshindwa kuyaacha. Wenzangu wakisikia harufu ya ndizi zilizofungwa kwenye majani wanawaza kula. Mimi kwanza naangalia kilichowekwa juu yake. Jana lilikuwa jiwe, kama siku zote sasa, jiwe la kijivu lenye tumbo bapa, na bibi alikuwa kwenye kigoda chake akichambua maharage kwa vidole kwa sababu macho hayamsaidii sana. Nikamwamkia, akaitikia, nikaenda kuvua sare. Lakini moyo ulikuwa umeshakimbia, na ulichukua muda kurudi.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Mwalimu akiniuliza swali darasani jibu ninalo, nalisikia kabisa kichwani, ila likifika kooni linakaa hapo. Niko kidato cha tatu sasa na bado niko hivyo. Nikiwa darasa la sita nilikuwa hivyo zaidi, na ndiyo maana ile Jumamosi nikiikumbuka hadi leo viganja vinatoka jasho.

Tulikuwa tunaishi Buzuruga, hapa Mwanza, vyumba viwili vya kupanga na kibaraza cha saruji ambacho ndicho kilikuwa jiko letu. Mama alikuwa anauza mitumba karibu na stendi, mdogo wangu Baraka akiwa mgongoni kwake, maana alikuwa hajaanza hata kutembea. Kaka yangu Deo alikuwa amemaliza kidato cha nne na analinda kibanda cha gemu cha jirani yetu mmoja. Mama hakutaka nikae nyumbani peke yangu, kwa hiyo nikitoka shule nilikuwa naenda pale kibandani, nakaa kwenye kreti la soda kwenye kona, namsubiri Deo. Wavulana walikuwa wanacheza mpira kwenye zile TV, wanapiga kelele, wanatukanana, wanasahau kwamba nipo. Mimi nilipenda kusahauliwa.

Wateja wakipungua Deo alikuwa ananipa pedi ya kuchezea. Mpira sikuuweza. Nilikuwa nafungua gemu la vita, ambalo wavulana walishalichoka. Kusema ukweli hata kupiga risasi sikuweza, nilikuwa nakufa kabla ya kujua nimepigwa kutoka wapi. Nilichokipenda ni kile chumba cha silaha kabla vita havijaanza. Unaingia, kila silaha imewekwa mezani peke yake, unaigeuza taratibu kwa kidole gumba, unaiona juu, chini, nyuma, na hakuna anayekufa. Nilikuwa nageuza vitu humo hadi Deo aniambie tunafunga. Kulikuwa na kimoja kilichofanana na papai dogo lililokonda, lina shingo, halafu nyuma lina mkia wenye mapezi kama ya samaki. Nilikipenda kwa sababu ya hayo mapezi. Nilijua mapezi yake kama ninavyojua vidole vyangu.

Na nje ya chumba hicho, kwenye vita vyenyewe, kulikuwa na theluji. Kila mahali theluji, na watu weupe wakipiga kelele kwa lugha nisiyoijua. Mimi na akili zangu za darasa la sita nikaamua kwamba vita ni kitu cha nchi zenye baridi. Kama vile huwezi kukuta ngamia Mwanza, nilidhani huwezi kukuta vita. Joto lenyewe lingewachosha.

Halafu bibi akaja. Babu alikuwa amefariki kijijini kwao, Kagera, karibu kabisa na mpaka, na mama akasema hawezi kumwacha mama yake peke yake na yale macho. Alishuka kwenye basi na mkungu wa ndizi, kiroba cha kahawa, senene waliokaangwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na kifurushi kizito kilichofungwa kwa kitenge ambacho alikataa Deo ambebee. Alikipakata hadi nyumbani. Nilidhani ni Biblia kubwa.

Kesho yake akapika. Akamenya ndizi, akazifunga kwenye majani aliyokuja nayo, akazipanga kwenye sufuria, akafunika kwa majani mengine hadi sufuria ikawa na kichuguu. Halafu akafungua kile kitenge. Ndani kulikuwa na chuma, cheusi tii kwa masizi, akakilaza katikati ya yale majani kikazama kidogo, kikatulia. Akaniambia ndizi bila kitu kizito juu yake zinabaki na maji, mvuke unatoroka, utamu unatoroka nao. Mama alisimama mlangoni akavuta ile harufu akafumba macho. Alisema hajaisikia tangu aolewe.

Mimi nilikuwa naangalia chuma. Kilikuwa kama papai lililokonda. Kilikuwa na shingo. Nyuma kilikuwa na kitu kama mkia, umepinda, na pembeni yake vipande vifupi vilivyoliwa na kutu. Nikauliza, "Bibi, hiki ni nini?"

"Chuma."

"Ulikipata wapi?"

"Shambani, kwenye migomba. Tuliporudi."

Alisema hivyo tu, tuliporudi, na akaendelea kuchochea mkaa. Nilidhani waliporudi sokoni, au kanisani. Nikajiambia ni kipande cha trekta au cha gari, kwa sababu theluji Kagera hakuna. Nikala ndizi, zilikuwa tamu sana, nikaongeza.

Kilichoniharibia usingizi ni kitabu. Shuleni kwetu kulikuwa na kabati la vitabu ambalo funguo zake zilikuwa kwa mwalimu wa maarifa ya jamii, na mwalimu aliniweka mimi kupanga vitabu kwa sababu alijua sitapiga kelele. Humo nikakuta kimoja kikubwa, kimetoka jalada, kurasa za mwanzo hazipo, kinaanzia katikati ya habari za vita vya Wazungu. Nikakisoma kwa ajili ya theluji. Nilipofika mbele kidogo theluji ikaisha. Kulikuwa na ramani ya ziwa letu. Kulikuwa na Mto Kagera. Kulikuwa na picha ya wanawake wamebeba magodoro na kuku kichwani, wanatembea kwenye barabara ya vumbi, na maelezo kwamba askari wa Uganda walivuka mpaka, watu wa upande ule wakakimbia makazi yao, na vita vilipokwisha wakarudi.

Wakarudi. Nilikuwa nimekaa sakafuni nyuma ya kabati na nakumbuka ubaridi wa ile sakafu ulivyonipanda mgongoni. Nikafunua ukurasa. Palikuwa na picha nyingine, shamba la migomba, na kwenye majani makavu kimelala kitu chenye shingo na mkia na mapezi. Kitabu kilieleza kwamba vitu kama hivyo vilibaki ardhini kwa wingi, kwamba kutolipuka siku vilipoanguka si sawa na kufa, na kwamba watu wasiviguse.

Nilimwomba mwalimu niende nacho nyumbani. Nadhani hilo lilikuwa jambo refu kuliko yote niliyowahi kumwambia. Alikubali.

Hapa naomba mnielewe ninyi wa umri wangu, mliocheza magemu hayo hayo. Kwenye gemu, kitu kikitaka kulipuka kinawaka taa nyekundu. Kinalia, ti, ti, ti, kinakupa muda wa kukimbia. Niliamini hivyo. Nilijua kile chuma kina miaka mingi kuliko mama, lakini bado niliamini mahali fulani chini ya masizi kuna kitaa, na kazi yangu ni kukiona kabla ya wengine. Kwa hiyo kila bibi alipopika nilikaa mbele ya jiko, uso kwa uso na sufuria, naangalia. Mkaa ukipasuka nilikuwa naruka. Mama alikuwa anamwacha Baraka nyumbani sasa, ashinde na bibi, na yeye alikuwa anatambaa huku na huku kwenye kile kibaraza, anashika miguu ya jiko, na bibi anamfukuza kwa sauti kwa sababu kumwona vizuri hawezi. Mimi nilikuwa namvuta Baraka kwa nguo na macho yangu hayatoki juu ya majani. Chakula kikawa hakipiti. Mama akasema nina malaria, akanipeleka kupima, hawakukuta kitu.

Nilimwambia Deo kwanza. Nilimwonyesha picha, nikamwonyesha na kwenye gemu, nikakigeuza kile cha mapezi mbele yake. Deo alicheka hadi akaweka pedi chini. "Dogo, gemu limekupanda kichwani. Bomu likae jikoni miaka yote hiyo, linapikiwa ndizi, linakusubiri wewe?" Na usiku huo wakati wa kula akamweleza mama kama kichekesho, bibi akiwa ameshakwenda kulala.

Mama hakucheka. Aliniita karibu akashusha sauti. Alisema kile chuma amekikuta anazaliwa, amekua nacho, ameoga masizi yake, na ndugu zake wote vilevile. Bibi ametoka kuzika mume. Amekuja na kitu kimoja tu cha kwake. "Usithubutu kumwambia bibi yako maneno hayo, umesikia? Atajiona amekuja kutuletea mikosi." Na kuanzia kesho yake nikakatazwa kibanda cha gemu.

Nilinyamaza. Si kwamba niliamini. Ukiwa mtoto wa kimya watu wakikuambia nyamaza unaona kama wanakurudisha nyumbani.

Kilichobadilisha mambo ni sakafu. Jiko la bibi kijijini lilikuwa la udongo. Chuma kikianguka kinaanguka kwenye majivu na vumbi, hakisemi kitu. Kwetu ilikuwa saruji. Mchana mmoja bibi aliinua majani kuangalia kama ndizi zimeiva, akapapasa kukishika chuma, akakikosa. Kikateleza. Nilikuwa kwenye ngazi ya kibaraza. Nilikiona kinavyoondoka juu ya majani, polepole, kama kinapiga miayo, halafu kikapiga saruji. Mlio wake ulikuwa mzito na mfupi. Kikabingirika, mkia unagonga, kikaenda hadi kwenye magoti ya Baraka, kikasimama. Baraka akakiangalia. Akanyoosha mkono, akakipiga kofi, akacheka.

Mimi hata kumvuta sikumvuta. Nilikuwa nasubiri ti, ti, ti.

Deo alikuwa amerudi kula. Alikiokota kwa mkono mmoja akakigeuza. "Huu mkia ndio unaokisumbua, bibi. Hakitulii. Jumamosi nakipeleka kwa fundi Masanja aukate, kikae vizuri, kisije kikamwangukia mtoto."

Bibi alifurahi sana. Alimshika Deo mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwita kwa heshima ya kwao. "Waitu, asante mjukuu wangu. Huko nyumbani hakuna aliyefikiria hilo."

Na mama aliporudi naye akamsifu. Kila mtu nyumbani kwetu alikuwa na furaha kuhusu Jumamosi. Masanja alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa milango na madirisha, na kila nilipopita kwake kutoka shule nilikuwa naziona cheche za grinda zinavyoruka hadi barabarani. Nilikuwa nalala nazo, zile cheche.

Nilijipangia maneno. Nitamwambia Deo tena Ijumaa. Ijumaa nikaamka na maneno yote yapo, nikayabeba siku nzima, na jioni Deo alikuja amechoka akalala na viatu. Nikasema nitamwambia asubuhi. Asubuhi mama akanituma maji, bombani kulikuwa na foleni, na nilivyorudi na ndoo kichwani bibi alikuwa peke yake kibarazani na Baraka, anaimba. Kitenge kilikuwa kimekunjwa vizuri kando yake, hakina kitu.

Nilitua ndoo vibaya, maji yakamwagika. Nikaingia ndani nikachukua kitabu chini ya mto. Bibi akauliza, "Koku, unakwenda wapi?" na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, sikumjibu mtu mzima. Nilikimbia. Kutoka kwetu hadi kwa Masanja unapita nyuma ya stendi, kwenye mabanda ya wauza dagaa, halafu unakata kwenye kichochoro cha mawe. Masikio yangu yalikuwa mbele yangu. Kila bodaboda iliyopiga mlio nilidhani ndicho kimelipuka.

Masanja alikuwa anamalizia dirisha la mtu. Deo amekaa juu ya rundo la nondo anasubiri zamu, anachezea simu. Na chuma cha bibi kilikuwa kimeshabanwa kwenye jiliwa, mkia nje, shingo ndani, tayari.

Nilisimama katikati ya banda na kitabu kifuani. Maneno yalikuwepo. Naapa yalikuwepo, nilikuwa nayasikia. Masanja aliniona akacheka. Alikuwa mtu wa utani, Msukuma mnene mwenye sauti ya kanisani. Aliuliza kama nimekuja kuposwa au nimekuja kujifunza kazi, maana kwake nafasi zote mbili zipo. Watu waliokuwepo wakacheka. Deo akaniuliza nataka nini. Nikafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Deo akatikisa kichwa akarudi kwenye simu, na Masanja akaliegesha dirisha ukutani, akafuta mikono, akasogea kwenye jiliwa. Akashusha miwani. Akawasha grinda. Ule mlio ulijaza banda lote, na hata kama ningepiga kelele sasa hakuna ambaye angesikia.

Waya wa ile grinda ulikuwa unapita miguuni pangu. Niliufuata kwa macho, ukapita kwenye vumbi la chuma, ukapanda nguzo, ukaingia kwenye soketi. Sikufikiri. Nilikwenda pale kwenye nguzo nikachomoa.

Grinda ikashuka sauti, ikashuka, ikanyamaza. Jiwe lake la kukatia lilikuwa karibu na mkia kiasi cha upana wa kidole. Masanja akaangalia taa ya juu, bado inawaka. Akageuka. Akaiona plagi mkononi mwangu.

"We mtoto una wazimu?"

"Koku," Deo alisema, amesimama, aibu imemjaa usoni. "Rudisha huo waya."

Sikurudisha. Kwa kuwa mdomo ulikuwa umenigoma, nilikwenda hadi kwenye meza ya Masanja, nikakifungua kitabu kwenye ile picha, nikakiweka mbele yake, nikaweka kidole juu yake. Halafu nikakinyoosha kidole hichohicho kwenye jiliwa.

Alitaka kukisukuma kitabu. Mkono wake uliishia hewani. Akavua miwani, akainama juu ya picha. Akaangalia jiliwa. Akachukua kitambaa, akafuta masizi kwenye shingo ya kile chuma, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso, na chini ya masizi ikatokea pete ya shaba, inang'aa, imezunguka shingo. Kwenye picha nayo ilikuwepo. Hapo utani ulimtoka. Niliuona unavyomtoka.

"Deo. Hiki kitu ulisema ni cha nani?"

"Cha bibi yangu."

"Bibi yako wa wapi?"

"Kagera. Huko mpakani."

"Mpakani," Masanja akarudia. Alikiweka kile kitambaa mezani bila mlio wowote. Halafu akaongea kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Tokeni nje. Wote. Mtu asikimbie."

Tulitoka kwa kutembea. Deo alinishika mkono akauminya hadi ukaniuma, kaka yangu ambaye ameua watu wote duniani kwenye ile TV. Tulipovuka barabara, tukapita na duka la pili, ndipo neno lilipotoka. Nikasema, "Ni bomu." Deo akasema, "Tumejua, Koku." Na kwa sababu neno lilishapata njia nililirudia tena na tena, ni bomu, ni bomu, hadi Masanja mwenyewe akaja akaniwekea mkono kichwani.

Mwenyekiti wa mtaa aliita polisi, polisi wakaita wanajeshi. Watu wa nyumba za jirani waliondolewa. Sikuona walivyokitoa, tuliambiwa tu kwamba wamekilaza kwenye mchanga ndani ya gari. Mchana mwanajeshi mmoja kijana akaja nyumbani na mwenyekiti. Alimwamkia bibi shikamoo, akachuchumaa mbele ya kigoda chake ili wawe sawa. Mama alikuwa amesimama nyuma amejifunga khanga kiunoni kama mtu anayesubiri kupigana. Bibi alikuwa ameshaelezwa. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama atakamatwa. Kijana akasema hapana bibi. Kitu cha pili:

"Mtanirudishia lini?"

Yule kijana aliangalia viatu vyake. Akaeleza kwamba hakirudi. Watakipeleka kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, mbele ya Buswelu, pasipo na watu, wakilipue huko. Alisema huenda ni tupu, vingine huwa vimeoza ndani na havina kitu. Baruti wanayoweka wao ni kidogo tu. Tukisikia mlio kama wa tairi kupasuka, basi kilikuwa tupu. Kikiwa na kitu ndani, alisema, tutajua wenyewe.

Alipoondoka hakuna aliyeingia ndani. Mama alisema kitakuwa tupu tu, chuma cha miaka yote hiyo. Alisema tena baadaye, bila mtu kumuuliza. Deo alikaa ukutani hajagusa simu. Bibi akaomba apewe ndizi na kisu, akaanza kumenya, kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure. Nilikuwa nasikia kisu kinavyopita kwenye ganda, ganda linavyoanguka kwenye beseni. Nilikuwa nasali kiwe tupu. Nilitaka kuonekana mjinga. Nilitaka Deo anicheke hadi Krismasi. Sijawahi kutaka kukosea kama siku ile.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa ziwa mlio ulipokuja. Haukuwa kama mlio wa gemu. Kwenye gemu unaanza moto, halafu sauti. Hapa ulianza mwili wangu, kitu kilinisukuma kifuani, halafu vioo vikatetemeka, halafu mabati ya mtaa mzima, na ndipo sauti yenyewe ikaja kutoka nyuma ya vilima, nzito, na ikaendelea kuzunguka kwenye mawe kama inatafuta mahali pa kutokea. Kuku walitawanyika. Baraka akalia.

Bibi aliweka kisu chini.

"Kumbe kilikuwa kizima," alisema.

Alikaa hivyo, mikono yenye utomvu wa ndizi imelala mapajani, macho yake yenye ukungu yameangalia upande wa jiko. Halafu akaanza kutaja majina. Sikuelewa mwanzoni. "Justinian," alisema. "Adventina. Projest." Alikuwa anataja taratibu, na baada ya kila jina ananyamaza kidogo, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Walikuwa wanawe, wajomba zangu na mama zangu wakubwa, wote waliokaa kuzunguka lile jiko wakiota moto, wakisubiri ndizi ziive, wakigombania nani akae karibu. "Leokadia," alisema.

"Abee, mama," mama akaitikia, na sauti yake ikakatika.

Bibi aligeuza kichwa kuelekea alikokuwa mama. Akaendelea. Alitaja watoto wa majirani waliokuwa wanakuja mvua ikinyesha. Alimtaja mtoto waliyemsimamia kipaimara. Alimtaja babu, ambaye alikuwa anakausha miguu hapo akitoka shamba. Mwishoni alinitaja mimi, na Deo, na Baraka. Tuliitikia wote, hata kwa niaba ya Baraka tuliitikia sisi.

Baadaye, akiwa ameshakunywa chai, alisimulia kidogo. Waliporudi kutoka kukimbia vita hawakukuta nyumba, walikuta majivu. Ng'ombe hawapo, masufuria hayapo, hata mlango haupo. Migomba ilikuwa imebaki. Alikwenda kukata ndizi kwa ajili ya watoto, akakiona kile chuma kimejichomeka kwenye udongo laini, akakitingisha kama mtu anayeng'oa muhogo hadi kikatoka. Akapika kwenye kopo la kuazima na akakiweka juu yake. "Nilifurahi," aliniambia, kama ananiomba nimsamehe kwa furaha hiyo. "Nilikuwa sina kitu, nikapata kitu."

Hilo halikuwepo kwenye kitabu. Nimesoma vingine vingi tangu wakati ule, vyote ninavyovikuta vya vita vile, na bado sijalikuta. Kibandani nilirudi mara moja tu. Nilifungua kile chumba cha silaha, nikakigeuza kile cha mapezi, kisafi, hakina hata doa la masizi, nikampa Deo pedi yake.

Ndizi zilikaa bila kupikwa kwa majani kwa muda. Bibi alizichemsha tu kama watu wengine. Halafu asubuhi moja ya Jumapili akaniomba nimpeleke ziwani. Tulikwenda pale ambapo majabali yanaingia majini na wanawake wanafulia, na bibi akavua viatu, akainama, akaanza kupapasa mawe madogo yaliyolala kwenye maji. Mawe Mwanza si ya kutafuta. Lakini yeye alikuwa anatafuta. Alikuwa anaokota moja, analigonga kwa jingine, analiweka sikioni, analirudisha majini. Wanawake waliacha kufua wakawa wanatuangalia. Nikaona aibu, halafu nikaacha kuona aibu, nikainama naye. Hili la kijivu alilisikiliza kwa muda mrefu kuliko yote, na akanipa mimi nilisikilize kama lina kitu ndani.

Mpaka leo hafanyi tofauti. Jana nilipotoka kubadilisha sare nilimkuta ameliondoa juu ya sufuria kuangalia ndizi. Kabla ya kulirudisha alilipapasa pande zote, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa. Mimi nilisimama mlangoni nikanyamaza kabisa, ili asikie vizuri.